Kabati zije mwisho: mazungumzo kuhusu kupanga jiko upya

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo mambo vipi. Asanteni kwa kunialika kwenye kikundi chenu, mimi ni fundi seremala tu, nilijifunzia kazi Keko, Dar es Salaam, na mpaka leo natengeneza kabati za jikoni, kwaiyo msitegemee mhadhara wa chuo kikuu hapa, nitaongea kama nnavoongea saiti.

Mteja akinipigia simu kitu cha kwanza anachoniambia ni rangi. Fundi nataka kabati nyeupe na kijivu, nimeona picha, ngoja nikutumie. Alafu zinakuja picha kumi na mbili za jiko ambalo halijawahi kupikiwa hata chai, na mimi namuuliza mama, friji lako lina upana gani, kimya. Mlango wa friji unafungukia kulia au kushoto, kimya. Mtungi wa gesi utakaa wapi, anasema hapo chini si kuna kabati. Basi hapo najua tunaanza moja.

Mimi nasema hivi, kabati ndo kitu cha mwisho kupanga. Kabati inakatwa sentimita yoyote unayotaka, fundi akikosea anarudi kwenye msumeno. Friji halikatwi, jiko la kusimama halikatwi, bomba la maji taka lililopita chini ya taili nalo kulihamisha ni shughuli. Kwaiyo vile visivyobadilika vitangulie kupata sehemu zake, kabati zijaze nafasi inayobaki. Watu wanafanya kinyume, wanatengeneza kabati ukuta mzima alafu friji linaishia sebuleni pembeni ya tivii.

Na hata mimi nimeshaharibu, msinione najua. Miaka ya mwanzo nilimtengenezea mama mmoja kabati nzuri sana, friji nikalibana kwenye kona limegusa ukuta upande wa bawaba, siku tunakabidhi kila mtu anapiga picha. Baada ya wiki ananiita. Mlango wa friji ukifunguka unaishia nusu kwa sababu mpini unagonga ukuta, na zile droo za chini za mboga hazitoki mpaka mlango ufunguke wote. Yani mama wa watu kila akitaka nyanya anaingiza mkono kwa juu anapapasa kama anatafuta samaki kwenye dimbwi. Sentimita 7 tu ningemwachia pale ukutani yasingetokea. Tangu siku hiyo friji nalipima likiwa wazi, oveni naipima ikiwa wazi, droo naipima ikiwa imevutwa. Nyie mnapima vitu vimefungwa, lakini jikoni hakuna anayefanya kazi vitu vikiwa vimefungwa.

Sasa kuna kitu wenzetu wanaita pembetatu ya jiko, kilitoka Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani miaka ya 1940. Wanasema chora mstari kutoka friji kwenda sinki, sinki kwenda jiko, jiko kurudi friji, kila mstari uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla isizidi kama mita 8. Na kabla ya hapo mwaka 1926 kuna mama wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za bei nafuu Frankfurt, Ujerumani, chumba chembamba, kama mita 1.9 kwa 3.4, akapanga kila kitu kwa kuhesabu hatua anazopiga mpishi. Hesabu ni nzuri na mimi naitumia. Ila kwetu ina pengo, kwa sababu jiko letu halijaisha kwenye zile kuta nne. Maharage yanachemka nje kwenye mkaa, samaki anakaangwa nje nyumba isinuke, sufuria kubwa inasuguliwa nje. Kwaiyo mimi naongeza kona ya nne, mlango wa nyuma. Ukiusahau huo utakuwa unakatiza na sufuria ya moto katikati ya jiko huku mtoto anakimbilia friji kuchukua maji.

Ngoja niwape mfano mmoja wa kweli, nyumba iko Tabata, Dar es Salaam. Jiko lina ukuta wa dirisha sentimita 300, na ukuta wa pili 240 wenye mlango wa nyuma wa sentimita 80 mwishoni. Mwenyewe alitaka jiko la gesi liwe chini ya dirisha moshi utoke. Nikamwambia dada, upepo ukiingia moto unayumba au unazimika na gesi inaendelea kutoka, pazia linapeperukia kwenye moto, na kila ukitaka kufunga dirisha unapitisha mkono juu ya sufuria. Dirishani tukaweka sinki, ukiosha vyombo unaona nje na bomba la maji taka lilikuwa hapohapo. Hilo nalo mliangalie, kuhamisha sinki siyo kuhamisha sinki tu, bomba la chini linataka mteremko wa sentimita 2 mpaka 2 na nusu kwa kila mita, ukilisogeza mita 3 unatafuta sentimita 6 mpaka 7 na nusu za kushuka, na kama sakafu haikupi basi maji yatasimama njiani na mafuta yatagandia humo.

Basi ukuta wa 300, kona kuta mbili zinapokutana inakula 60, friji pamoja na nafasi yake ya kupumua 75, sinki 90, zinabaki 75. Zile 75 hatukuzigawa sawa. 15 tukaweka kati ya friji na sinki ili maji yasirukie friji, 60 zote tukaweka upande wa kona inayoelekea jiko la gesi, kwa sababu hapo ndo unakatia kitunguu, unachambulia mchele, unapumzishia sufuria. Friji likaenda mwanzo kabisa karibu na mlango wa sebuleni, watoto wanachukua maji yao wanaondoka hawapiti kwenye moto. Ukuta wa pili ukitoa mlango na kona zinabaki 100, jiko 60, na 40 tukaacha upande wa mlango wa nyuma, sufuria inayotoka nje inatua pale. Kabla sijakata ubao hata mmoja tukachora yote kwa chaki sakafuni, maboksi yakasimama kama friji na jiko, na yeye akajifanya anapika wali na maharage mwanzo mwisho. Majirani walicheka. Ila ni hapo ndo aligundua droo ya vijiko nimeiweka nyuma ya mlango wa oveni, yani oveni ikiwa wazi hupati kijiko. Tukahamisha kwa kufuta chaki.

Urefu wa kaunta kutoka sakafuni. Kila fundi atakwambia sentimita 90 na wengi inawafaa, lakini simama wima, kunja kiwiko, pima mpaka chini alafu toa 10 mpaka 15, hiyo ndo yako. Na ugali jamani, ugali haupikwi kwa vidole, unasongwa kwa bega. Ukiweka lile jiko dogo la mezani juu ya kaunta ya 90, ongeza jiko lenyewe, ongeza sufuria, unakuta unasonga mikono iko kifuani hauna nguvu yoyote. Kama una jiko la mezani shusha kile kipande cha slabu mpaka 75 hivi. La kusimama huwezi kulikata miguu, kwaiyo ugali wa watu wengi peleka nje, ndo maana nikasema mlango wa nyuma ni kona ya nne.

Kabati za juu zianze kama 50 juu ya kaunta na kina chake kisizidi 35, la sivyo ukiinama kukata nyama paji linagonga. Chini acha kitako cha 10 kilichorudi ndani kidogo vidole vya miguu viingie. Kwa sufuria weka droo za reli nzito badala ya milango, maana kwenye mlango lazima upige magoti utoe za mbele upate ya nyuma. Na chini ya sinki usikubali chipbodi, ule ubao wa chenga za mbao, ikinywa maji inavimba kama andazi.

Gesi sasa, hapa sitanii. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inalala chini kama maji. Mtungi ukiufungia kwenye kabati isiyo na matundu chini umetengeneza mtego. Bora ukae nje kwenye kivuli na bomba liingie ndani, ukishindwa basi kabati yake iwe na matundu usawa wa sakafu, soketi isiwemo humo, na mpira wa gesi usipite nyuma ya oveni. Mtungi wenyewe upime pamoja na regulator, wengi mnapima chuma tu alafu mlango haufungi. Umeme kwa kifupi, oveni iwe na waya wake kutoka kwenye mein swichi, soketi ziwe juu ya kaunta, isiwepo nyuma ya jiko wala jirani na bomba.

Naona mama mkono uko juu muda mrefu. Ehee. Anauliza, na mbuzi ya nazi nitakalia wapi? (kicheko) Msicheke, hilo ndo swali la leo. Yule wa Tabata naye aliuliza hivohivo. Ile 40 ya mlangoni, chini yake hatukuweka kabati, tuliacha wazi mpaka sakafuni, mbuzi inasukumwa mle, ukiitaka unaivuta unakaa mlangoni kwenye upepo, machicha unamwaga nje kwa kuku. Fundi wako atataka kupaziba akuwekee mlango ili pafanane na kwingine, mwambie hapo pasiguswe.