Chungu Nusu, Maua ya Makaburini na Wageni wa Saa Moja

Hamjambo wapenzi wangu wa nyumbani, na nyinyi mlioko huku majuu mnaonitazama mkiwa kwenye treni. Leo sitoki. Nipo jikoni kwangu hapa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, na nina wageni saa moja jioni, kwa hiyo tutaongea huku nakata vitunguu. Mkiona nalia, msinipe pole.

Kwanza tazameni hiki. Ngoja niisogeze kamera. Hiki chungu, kuanzia mdomoni mpaka hapa chini ya masikio, kinang'aa njano utadhani kimepakwa samli. Kutoka hapa kwenda chini, udongo mtupu. Sikilizeni nikipitisha kucha... mmesikia? Kavu kabisa. Shoga yangu mmoja wa Kitanzania alipokiona akasema, "Masikini, wamekuuzia kitu hakijaisha." Nikacheka, maana na mimi siku ya kukinunua nilitumia sababu hiyo hiyo kuomba kupunguziwa. Mzee aliyekuwa anauza akanitazama kwa huruma, akanipunguzia euro tano, halafu ndiyo akanieleza.

Kumbe ndivyo kilivyo. Hivi ni vyungu vya kusini-magharibi mwa Ufaransa, vya kuhifadhia nyama ya bata. Bata anapikwa taratibu ndani ya mafuta yake mwenyewe, anatiwa chunguni, mafuta yanamiminwa juu mpaka yamfunike. Yakiganda, hewa haipiti, nyama inakaa miezi. Friji ilikuwa haijazaliwa. Ile nusu ya chini ilikuwa inafukiwa kwenye udongo au mchanga ndani ya stoo ya chini ya nyumba ili kupate ubaridi. Sasa nani apoteze rangi kwa sehemu inayokwenda kuzikwa?

Nikakumbuka mtungi wa bibi kule Tanga. Na wenyewe ulikaa kwenye mchanga, pembeni ya mlango wa nyuma, kata ya kifuu juu yake. Hakuna aliyeupaka kitu, kwa sababu maji yanapoa pale mtungi unapotoa jasho. Ungeupaka ungeuharibu. Bibi wa Tanga na bibi wa huko kwenye mabata hawakuwahi kuonana, lakini wangeelewana.

Ila jamani, nisikilizeni hapa, hasa nyinyi mnaopenda kuagizishia vitu. Msile kwenye vyungu hivi vya zamani. Hiyo njano inayong'aa ilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ndimu, siki au ukwaju ukikaa humo unaitoa risasi unaitia kwenye chakula. Mimi nilikuwa tayari nimeshanunua malimau, nataka kutia achari! Yule mzee aliposikia akapiga kelele mpaka watu wakageuka. Basi changu natia miiko na maua, basi.

Vitu hivi napata wapi? Madukani ni ghali mno, usiingie. Mimi naviwinda kwenye *vide-grenier*, yaani "mwaga dari". Mtaa mzima unatoa vya darini unavitandaza barabarani, na sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuuza hivyo mara mbili tu kwa mwaka, ndiyo maana wanauza kwa bei ya kutua mzigo. Hapa Lille ndiyo tuna mama yao wote, Braderie, wikendi ya kwanza ya Septemba. Mji unafungwa magari, watu wanauza, wanakula kome kwa chipsi, na mahoteli yanarundika maganda ya kome nje kama kichuguu. Nendeni asubuhi na mapema, mbebe sarafu, na msivae viatu vya kujionyesha.

Huko ndiko nilikokutana na kitu kilichoniuma. Birika la bati. Lile lile! Jeupe, mdomo wa buluu, limebanduka hapa na pale likaonyesha weusi. Na vikombe vyake, na masahani. Euro 35 birika peke yake. Nyumbani mama alivigawa vyote siku tuliponunua melamini, akasema hivi ni vya kishamba. Na huku "ya shamba" ndiyo sifa. Mwenye kuuza anakwambia kabisa, hili lilitoka jikoni kwa mkulima, na bei inapanda hapo hapo.

Sasa mnaniuliza kwenye maoni, mbona meza za Wafaransa zinapendeza na vyombo haviendani? Nitawaambia nilichokiona kwa hawa ninaokula nao. Hawana vyombo vya wageni. Kwetu kuna kabati la vioo, ndani kuna seti nzima yenye maua ya dhahabu, hotipoti nne bado zina karatasi, na ufunguo anao mama. Seti ile inatoka Idi hadi Idi, na sisi watoto tunakula kwenye bakuli la plastiki lililoungua. Huku ile sahani uliyonywea supu jana peke yako ndiyo leo anayowekewa mgeni. Moja ya bibi, moja ya mnadani, moja imepata ufa. Kinachoziunganisha ni kitambaa chini yake.

Hebu oneni kitambaa chenyewe. Hii ni kitani, imefumwa nzito, ni shuka la zamani nimelikata. Ufaransa ndiyo inaongoza duniani kwa kulima kitani, na mashamba mengi yapo huku huku kaskazini na Normandy. Mwezi wa sita yanachanua buluu, kwa siku chache tu. Pembeni hapa mnaona herufi mbili za uzi mwekundu? Msichana alikuwa anashonea majina yake kwenye mashuka yake kabla hajaolewa. Dazeni kwa dazeni. Mara ya kwanza nilimwonea huruma huyu binti, nikasema pengine hakuolewa, maana shuka halina hata doa. Mama mkwe wangu akasema hapana, alikuwa analitunza kwa ajili ya wageni. Haya! Kumbe na wao zamani walikuwa na kabati.

Halafu kualikwa. Uwiii. Mwaka wangu wa kwanza nilialikwa chakula, ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Nikaona duka lina maua mazuri, makubwa, ya njano na zambarau, yapo kwenye vyungu, bei rahisi. Nikabeba chungu kizima kifuani. Mwenye nyumba akafungua mlango, akayaona, akanyamaza, kisha akanishukuru kwa adabu mno. Yalikuwa krisanthemu. Wafaransa wanayapeleka makaburini tarehe 1 Novemba, siku ya watakatifu wote. Nilimpelekea mtu ua la kaburi nyumbani kwake, tena nikamwambia yataishi muda mrefu.

Siku hiyo hiyo nilifika dakika kumi kabla ya saa, nikijua nimeheshimu. Kosa. Huku wana robo saa ya adabu: ukiambiwa saa moja, unagonga saa moja na dakika kumi, na robo. Ukiwahi unamkuta mwenyeji na taulo kichwani. Mkate nao hauwekwi kwenye sahani, unawekwa mezani juu ya kitambaa, na usiugeuze chini juu, wazee hawapendi kabisa. Wanasema mkate wa kupinduliwa ulikuwa wa mnyongaji. Na mikono ionekane juu ya meza. Mimi nimelelewa mkono wa kushoto ufichwe, nikawa sijui niuweke wapi!

Mimi pombe sinywi, nguruwe sili, na *apéro* yao, ule mwanzo wa kukaa na vitafunwa kabla ya chakula, imejaa vyote viwili. Nilihangaika mwaka mzima nikijifanya nimeshiba. Siku hizi nawaalika kwangu. Leo kuna kachori, korosho, juisi ya ukwaju kwenye jagi la kioo (siyo kwenye kile chungu, mtulie), na nimeitoa kawa aliyonitumia shangazi, ya ukili mwekundu na kijani. Nimefunikia mkate. Mgeni wa mwisho alitaka kuinunua. Nikamwambia hii haijafika darini bado.

Na glasi ni hizi, za Duralex. Zinatengenezwa karibu na Orléans, na mwaka 2024 wafanyakazi wenyewe walikichukua kiwanda wakakifanya ushirika kisife. Zimepikwa ngumu, nyingi zinaanguka na kudunda. Zimejaa kwenye mabweni na mashule, ndiyo glasi za watoto wote hapa. Na chini kwa ndani kuna namba ndogo, ni ya kalibu tu, lile umbo la kutengenezea glasi, lakini kila Mfaransa aliyekula shuleni anajua mchezo wake: unamaliza maji, unasoma namba, hiyo ndiyo miaka yako. Mwenye ndogo kuliko wote anakwenda kujaza jagi. Nimewaona watu wa miaka hamsini, wamevaa tai, wanapindua glasi mezani kwangu wanabishana nani mdogo.

Ngojeni niangalie yangu... saba.

Haya, jagi langu hilo. Na kengele hiyo inalia, saa moja na dakika kumi na mbili. Vitunguu bado sijakaanga! Kesho nitawaonyesha walichobakiza.