Cato Mbele ya Injili

Mabibi na mabwana, wapenzi wa ushairi,

Mtoto wa Uingereza aliyetiwa shule katika karne ya 14 alianza Kilatini kwa kukariri, na miongoni mwa alivyokariri ni kitabu cha methali na beti za mistari miwili miwili kilichobandikwa jina la Cato, mwenye hekima wa Roma ya kale. Kilitungwa yapata karne ya 3 au ya 4, wala hakikuwa cha Kikristo. Kilifundisha busara ya dunia: pima kauli yako, jihadhari na mnafiki, tunza mali. Washairi wa dini walikuwa na maneno hayo kichwani kabla hawajaandika mstari mmoja.

Mtazameni William Langland, mshairi wa Kiingereza wa karne hiyo ya 14. Katika shairi lake Piers Plowman, toleo la pili, la mwishoni mwa miaka ya 1370, Kiingereza hukatizwa mara kwa mara na Kilatini. Wasomaji wengi hukiruka wakidhani ni pambo. Nawasihi msikiruke, kwa maana ugomvi wenyewe, wa busara ya Cato na Injili, umo humo.

Sehemu ya saba inahusu ombaomba. Cato anaonya: Cui des, videto, “mwangalie unayempa.” Papo hapo Langland anamleta Papa Gregory, mwalimu wa Kanisa: Non eligas cui miserearis, “usichague wa kumhurumia.” Wewe hujui nani anastahili, lakini Mungu anamjua mhitaji; na kukiwa na hila, hatia ni ya anayepokea. Sisi tuliolelewa na “tenda wema wende zako” tunaisikia hoja hiyo mpaka moyoni.

Hata hivyo Cato hafukuzwi. Katika sehemu ya nne, Akili, ambaye katika shairi hili ni mhusika kama mtu, anamwita kama mtumishi wake, mwenye maneno ya adabu. Hapo ndipo mahali pake hasa: anatumikia, hatawali.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote kimo katika sehemu ya kumi. Bibi Masomo, mhusika mwingine wa namna hiyo, anakiri kwamba Teolojia, yaani elimu ya mambo ya Mungu, imemsumbua mara 140, na kwamba bila upendo uliomo ndani yake ingekuwa kitu kitupu. Kisha anataja ubeti wa Cato: mtu akijifanya rafiki kwa maneno na moyoni sivyo, nawe mfanyie vivyo hivyo, hila ishindwe kwa hila. Ndivyo Cato anavyowafunza wanafunzi wake, asema. Teolojia inafundisha kinyume: tuwe ndugu, tuwaombee adui zetu, tuwapende wanaotuzulia uongo.