Mchapishaji Katika Maonyesho ya Vitabu: Kazi Iliyo Kabla na Baada ya Banda

Mwenyekiti, wachapishaji wenzangu, wahariri, wauza vitabu na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie namna mchapishaji anavyoweza kunufaika ipasavyo anapokodi banda katika maonyesho ya vitabu. Hoja yangu ni moja, na nitaishikilia hadi mwisho: sehemu kubwa ya faida ya maonyesho hupatikana nje ya siku zile nne au tano ambazo banda liko wazi. Hupatikana katika miezi inayotangulia, wakati mchapishaji anapoamua anakwenda kutafuta nini, na katika miezi inayofuata, wakati anapotimiza yale aliyoyaahidi mezani.

Uamuzi wa kwanza ni wa kuchagua maonyesho yenyewe, na hapa wengi wetu huongozwa na ukubwa wa jina. Maonyesho ya Frankfurt, ambayo kwa sura yake ya sasa yalianza mwaka 1949, ni soko la haki za uchapishaji, yaani ruhusa ya kutoa kitabu katika lugha au nchi nyingine, kuliko jambo jingine lolote, ingawa umma nao hukaribishwa kuelekea mwisho wa juma. Maonyesho ya London, yaliyoanza mwaka 1971, na yale ya vitabu vya watoto ya Bologna, yaliyoanza mwaka 1964, ni ya watu wa fani. Msomaji anayetafuta kitabu cha kusoma usiku ule si mgeni wao. Maonyesho ya Cairo, yaliyoanza mwaka 1969, na ya Kolkata, yaliyoanza mwaka 1976, yana tabia tofauti kabisa: umati wa wasomaji huja na familia zao na hurudi nyumbani na mifuko ya vitabu. Guadalajara, nchini Meksiko, tangu mwaka 1987, imechanganya mambo yote mawili, kwa kutenga saa maalumu za watu wa fani, na wakutubi kutoka Marekani hufika huko kununua vitabu vya Kihispania kwa ajili ya maktaba zao. Mchapishaji anayepeleka makasha ya vitabu vya kiada London atarudi nayo, na yule anayekwenda Cairo na katalogi peke yake atatazama wenzake wakiuza.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, kampuni ijiulize inataka nini hasa: kuuza nakala, kuuza haki za tafsiri, kununua haki za vitabu vya wengine, kupata msambazaji katika soko jipya, au kumtambulisha mwandishi. Inawezekana kuyataka yote, lakini lazima moja liwe mbele, kwa sababu ndilo litakaloamua nani asafiri, vitabu gani vibebwe na banda lipangwe vipi. Kampuni inayotaka haki imtume mtu anayeweza kujadili mkataba. Kampuni inayotaka mauzo imtume mtu anayeweza kusimama kwa muda wa saa nane akizungumza na wageni bila kukunja uso. Ni nadra sana sifa hizo mbili kukutana kwa mtu mmoja.

Kwa wanaoanza, napendekeza mwaka wa kwanza waende kama wageni, bila banda. Gharama yake ni ndogo, na mtu hujifunza kumbi zilivyogawanywa, majirani wanaomfaa ni akina nani, na watu hupita wapi. Baada ya hapo kuna njia ya banda la pamoja, linaloandaliwa mara nyingi na chama cha wachapishaji au na wizara. Frankfurt yenyewe ina mpango wa mwaliko kwa wachapishaji wadogo kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko, unaowasaidia kupata nafasi na mafunzo. Njia hiyo ni nzuri, ila ina kasoro niliyoiona mara nyingi: vitabu hupangwa vizuri kwenye rafu, kisha hulindwa na ofisa ambaye hajavisoma na ambaye, mgeni anapouliza nani ana haki za kitabu fulani, humwonyesha anwani iliyo nyuma ya jalada. Banda la pamoja lina maana pale tu mchapishaji mwenyewe anapokuwepo.

Bajeti sitaichambua kwa kirefu. Kodi ya mita za mraba ni mwanzo tu wa gharama. Zinafuata samani, umeme, usafirishaji, viza, malazi na vifaa vya kuchapishwa. Fungu linalosahaulika ni la baada ya maonyesho: kutuma nakala za kusoma, kulipia tafsiri ya sura ambayo mtu ameiomba, na mshahara wa mtu atakayeshughulikia mawasiliano. Kama fungu hilo halipo, ni bora banda liwe dogo zaidi ili fungu hilo lipatikane.

Sasa niingie katika suala la haki, ambalo naona ndilo lenye manufaa makubwa na linalotayarishwa ovyo zaidi. Mchapishaji anayekwenda kuuza haki aanzie kwenye kabati la mikataba. Je, mkataba wake na mwandishi unampa mamlaka ya kuuza haki za tafsiri, au unampa ruhusa ya kuchapa kitabu katika lugha moja tu? Mikataba mingi ya zamani haisemi lolote kuhusu tafsiri, kitabu cha kusikiliza au filamu, na ukimya huo haumpi mchapishaji haki yoyote. Kwa vitabu vya watoto jambo huwa gumu zaidi, kwa kuwa mchoraji naye ana mkataba wake, na picha zilizokodiwa kwa toleo moja haziwezi kuhamia toleo la lugha nyingine bila kibali kipya. Haya yakigunduliwa baada ya mnunuzi wa kigeni kukubali, biashara hukwama na jina la kampuni huchafuka kwa watu ambao huzungumza wao kwa wao kila mwaka.

Yakishathibitishwa hayo, vichaguliwe vitabu vichache. Vitano au sita vinatosha. Kila kimoja kiandaliwe ukurasa wake wenye jalada, jina la mwandishi na maelezo yake mafupi, idadi ya kurasa, mwaka, tuzo kama zipo, lugha ambazo haki zake zimekwisha kuuzwa, maeneo yaliyobaki wazi, na muhtasari unaosema wazi hadithi inaishaje. Mhariri anayenunua haki hataki kuachwa na hamu. Anataka kujua ananunua nini. Iongezwe tafsiri ya mfano ya kurasa kumi hadi ishirini, iliyofanywa na mfasiri anayeandika vizuri katika lugha lengwa. Tafsiri mbovu ya kurasa kumi inaharibu kitabu kizuri kuliko kutokuwa na tafsiri kabisa.

Miadi iombwe miezi miwili au mitatu kabla. Frankfurt na London, mikutano ya haki hupangwa kwa kawaida kwa vipindi vya nusu saa, mfululizo, tangu asubuhi hadi jioni, na mawakala wa fasihi, wanaouza haki kwa niaba ya waandishi, hukaa katika ukumbi wao maalumu ambao mtu haingii bila miadi. Anayetumaini kuwakuta watu hao wakipita mbele ya banda lake anapoteza nauli. Barua ya kuomba miadi iwe fupi, na ionyeshe kwamba mwandikaji ameitazama katalogi ya yule anayemwandikia. Kumwomba mchapishaji wa vitabu vya sheria aonane nawe kuhusu hadithi za watoto ni kumwambia kwamba humjui.

Katika nusu saa hiyo, dakika za mwanzo zitumike kuuliza mwenzako anatafuta nini mwaka huu, kisha vizungumziwe vitabu viwili au vitatu vinavyokaribiana na jibu lake. Mkataba usikubaliwe papo hapo. Mezani inatosha kujua lugha, eneo, muda wa leseni, aina ya toleo, na kama mnunuzi anafikiria malipo ya awali pamoja na mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, au malipo ya mara moja. Hesabu zenyewe zifanywe kwa utulivu ofisini. Anayeomba nakala ya kusoma apewe, pamoja na tarehe ya kurudisha jibu, kwa sababu kitabu kilichoachwa bila tarehe kinaweza kukaa mwaka mzima kwenye meza ya mtu huku wengine wakizuiwa kukiona.

Ziko pia fedha ambazo wengi wetu hatuziulizii. Baadhi ya maonyesho, yale ya Sharjah katika Falme za Kiarabu yakiwa mfano mmoja, yana mfuko wa kusaidia tafsiri kwa makubaliano yanayotokana na maonyesho hayo, na nchi inayoalikwa kuwa mgeni rasmi Frankfurt kwa kawaida hutenga ruzuku ili vitabu vyake vitafsiriwe. Mnunuzi anayesita kwa sababu ya gharama ya mfasiri huweza kubadili uamuzi akiambiwa ruzuku iko wapi na fomu hujazwaje.

Kuhusu banda lenyewe, majalada yatazame mbele, hata kama maana yake ni kuacha nusu ya vitabu nyumbani. Jina la kampuni na aina ya vitabu vyake vionekane kutoka mbali. Meza isiwekwe kama ukuta kati ya mwenyeji na mgeni, na wahudumu wasikae nyuma yake wakitazama simu. Wawe angalau wawili, ili mmoja aweze kutembelea mabanda mengine, kwani nusu ya ujuzi wa soko unapatikana kwenye rafu za washindani. Kuhusu pipi na mifuko ya bure, mimi sioni faida yake: huleta watu wengi wanaotaka pipi na mifuko.

Katika maonyesho ya umma, mauzo yana masharti yake madogo madogo: bei iandikwe kwenye kila kitabu, chenji iwepo tangu asubuhi, malipo ya simu na ya kadi yajaribiwe kabla milango haijafunguliwa, na mwandishi anayekuja kutia saini atangazwe siku kadhaa kabla. Punguzo lifikiriwe vizuri, maana muuza vitabu anayeagiza kutoka kwako mwaka mzima hatafurahi kuona umeshusha bei chini ya ile unayomuuzia yeye. Mauzo yaandikwe kwa kila kitabu na kwa kila siku, si kwa jumla ya fedha iliyomo sandukuni.

Wanaovuka mipaka wajue pia masuala ya forodha. Mkataba wa Florence wa UNESCO, uliopitishwa mwaka 1950, unazitaka nchi wanachama zisitoze vitabu ushuru wa forodha, lakini hauondoi kodi nyingine za ndani wala makaratasi. Hati ya ATA, kwa nchi zinazoitambua, huruhusu mizigo iingie kwa muda kisha itoke bila ushuru. Kwa sababu hiyo haifai kwa vitabu utakavyoviuza. Vitabu vya kuonyesha na vitabu vya kuuza vifungwe katika makasha tofauti, kila kundi na orodha yake.

Nimalizie na sehemu inayoamua yote. Kila mkutano uandikwe siku ileile: jina, kampuni, vitabu vilivyozungumzwa, ahadi iliyotolewa na tarehe yake. Kufikia siku ya tatu nyuso huanza kuchanganyika, na kadi ya biashara isiyo na maelezo haina msaada. Ujumbe wa kwanza utumwe ndani ya wiki moja baada ya kurudi, ukiwa na kile hasa kilichoombwa, si katalogi nzima. Asiyejibu akumbushwe baada ya mwezi, kisha tena kabla ya maonyesho yanayofuata. Kwa wauza vitabu na wakutubi, hakikisheni taarifa za kitabu mtandaoni zinalingana na ISBN yake, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ya tarakimu 13, kwa kuwa wao huagiza kwa namba hiyo, na namba isiyopatikana kwenye mfumo wao haina oda.

Tathmini ifanywe mara mbili. Miezi mitatu baada ya kurudi, tazameni ni ahadi ngapi zimetimizwa na upande wetu. Miezi 12 baadaye, tazameni mikataba, oda na wasambazaji waliopatikana, mkikumbuka kwamba mwaka wa kwanza mara nyingi ni wa kufahamiana tu na kwamba wanunuzi humwamini zaidi anayeonekana mahali palepale mwaka hadi mwaka. Ikiwa baada ya miaka mitatu hakuna mkataba, oda wala msambazaji, na ahadi zetu zote tulizitimiza, basi maonyesho hayo si yetu, na fedha zake zipelekwe kwenye mengine. Ikiwa ahadi hazikutimizwa, bado hatujajua lolote kuhusu maonyesho hayo.