Vitu Vilivyowekwa Rehani

Asalaam aleikum, na wanaostahili shikamoo, shikamooni. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba umeme umekubali kukaa nasi jioni hii.

Waandaaji waliniomba orodha ya filamu kumi bora tangu senema ianze. Nilikaa nayo wiki mbili, nikaichana. Orodha za namna hiyo haziwezi kupita bila Citizen Kane ya 1941, na mimi Citizen Kane naiheshimu kama ninavyomheshimu mkwe: nikiiona nashika adabu, halafu natafuta sababu ya kuaga. Kwa hiyo leo nawaletea zile ninazozipenda tu. Ni chache. Na nilipoziweka pamoja nikaona jambo ambalo miaka yote hii lilikuwa limenipita: watu wa picha hizi wote wana kitu chao kilichoko mikononi mwa mtu mwingine, kwa deni au kwa amri.

Naanza na Mother India ya Mehboob Khan, ya 1957, kwa sababu ndiyo iliyonitia ugonjwa huu. Nilipelekwa na shangazi yangu pale ukumbi wa senema wa Majestic, picha yenyewe ikiwa imeshazeeka. Kihindi hatujui, si mimi si yeye, lakini alikuwa ameshaiona mara nyingi mpaka akawa anamjibu Nargis, aliyecheza Radha, yule mama wa kisa, kabla Nargis hajafungua mdomo. Kisa mnakijua. Radha anaolewa kwa harusi ya pesa za mkopo, na mkopeshaji, Sukhilala, anakula mavuno yao mwaka hadi mwaka. Mume anapondwa mikono na jabali, anaondoka usiku asirudi. Radha anajifunga jembe la kukokotwa na ng'ombe, analivuta mwenyewe.

Watu wengi hukumbuka jembe. Shangazi yeye alikuwa akingojea bangili. Bangili za dhahabu za Radha zimo mikononi mwa Sukhilala, na mwanawe mtundu, Birju, anakua akiwa na jambo moja kichwani: kuzirudisha. Zikitajwa tu bangili, safu nzima ya wanawake ilinyamaza, hata ubuyu ukaacha kutafunwa. Mimi nikidhani wamechoka. Nilikuja kuelewa baada ya matanga ya shangazi, mama aliponihadithia kwamba jozi ya bangili za harusi ya shangazi iliingia duka moja la mjini kwa deni la miezi mitatu, na haikutoka tena.

Sisi watoto sheria yetu ilikuwa moja: steringi hafi. Sasa fikirieni mtoto wa miaka minane anamwona mama akimlenga mwanawe bunduki, na kweli anampiga. Nililia mpaka nyumbani. Shangazi akaniambia, "Nyamaza mwanangu, yule hajafa, kesho saa kumi yupo tena." (Sunil Dutt aliyecheza Birju alimwokoa Nargis moto ulipowazidi wakati wa kupiga picha, na 1958 wakaoana. Mama na mwana kwenye picha, mume na mke nyumbani! Shangazi hilo hakulikubali mpaka anaingia kaburini.)

Ya pili ni ya Italia: Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, 1948. Wamarekani kwa miaka mingi waliiita Mwizi wa Baiskeli, mmoja. Kiitaliano kinasema wezi. Ukiitazama mpaka mwisho utaona kwa nini ile herufi moja ina uzito, na sitawaharibia.

Antonio amepata kazi ya kubandika mabango Roma, lakini kazi inataka baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Maria mkewe hapigi kelele. Anavua mashuka kitandani, anayafua, wanayapeleka dirishani pa duka la rehani. Yamepokewa, pesa zimehesabiwa, baiskeli inakombolewa. Mwongozaji mwingine angeishia hapo. De Sica anamfuata yule mfanyakazi aliyebeba furushi: anapanda rafu, anapanda tena, na kamera inapanda naye, na tunaona kwamba ukuta mzima mpaka juu ni mafurushi ya mashuka. Kila furushi ni kitanda cha watu fulani kilicho kitupu usiku ule. Hakuna anayesema neno. Mimi hapo husimamisha picha, nikanywa maji.

Siku ya kwanza ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, baiskeli inakwenda. Aliyemcheza, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.

Mwaka 1950 kijana mmoja mchoraji wa matangazo kutoka Calcutta alitumwa na ofisi yake London, akaiona picha hiyo, akatoka ukumbini ameshaamua kuwa mtengenezaji filamu. Ni Satyajit Ray. Akarudi kwao kutengeneza Pather Panchali bila pesa. Upigaji ulianza 1952 kwenye uwanda wa nyasi ndefu zenye maua meupe; waliporudi kuendelea, ng'ombe walikuwa wameshayala maua yote, ikabidi wangoje msimu mwingine. Pesa zilipokwisha, vito vya Bijoya, mke wa Ray, vikaenda wapi? Mmeshanijua. Rehani. Mwishowe serikali ya Bengali Magharibi ikatoa fedha, na kwa kuwa jina la picha lilitaja njia, vitabuni zikaandikwa kama za barabara. Nadhani ndizo pesa pekee za barabara duniani zilizotumika vizuri.

Ilitoka 1955. Humo, msichana Durga anatuhumiwa kuiba mkufu wa shanga wa jirani. Anakana, mama anampiga. Baadaye mvua kubwa inamnyeshea, homa inamchukua. Familia inapofunga mizigo kuhama, mdogo wake Apu anashusha kitu kwenye rafu, na mkufu ule unatokea. Anautazama. Anatoka mbio mpaka bwawani anautupa. Magugu ya majini yanaachana, maji meusi yanaonekana kidogo, kisha magugu yanarudiana polepole. Basi. Apu hamwambii mtu, wala sisi hatumwambii mtu.

Ya mwisho sitaisimulia, tutaitazama. Borom Sarret ya Ousmane Sembène, Senegal, 1963. Sembène alikuwa kuli wa bandari Marseille, akaandika riwaya, kisha akaona watu aliowaandikia hawazisomi, akaenda Moscow kujifunza kamera akiwa mtu mzima. Kisa ni cha mwendesha mkokoteni wa farasi Dakar, siku moja tu. Akikutana na yule mghani anayewasifu mababu zake, angalieni mkono wake unavyokwenda mfukoni. Akisimamishwa na polisi, msimtazame polisi usoni. Tazameni kiatu chake, na kilichoko chini ya kiatu.

Ni dakika ishirini hivi. Nisaidieni taa za nyuma. Na wewe bwana mdogo wa kwenye nguzo, simu.