Mbegu Juu ya Meko

Mama zangu, wazee wangu, ndugu wakulima wa Nakuru, hamjambo. Nimemwona mama pale nyuma amekuja na kibuyu. Nitarudi kwake.

Walionisikia kwingine wanajua nitaanza na meko ya mama yangu kule Emuhaya. Mama hakungoja mavuno ndipo achague mbegu. Mahindi yangali mabichi, alipita shambani asubuhi na vipande vya kitambaa, akifunga mmea mmoja hapa, mwingine kule. Alitafuta uliobeba hindi zuri pale ambapo wenzake wamesinyaa kwa jua. Kingoni mwa shamba hakugusa. Huko, alisema, mahindi yameoa kwa jirani. Neno chavua, ule unga wa maua unaobebwa na upepo, hakulijua, lakini kazi yake aliijua!

Mahindi hayo aliyafunga mawili mawili kwa maganda yake, akayaning'iniza juu ya meko. Moshi ukayakausha, fukusi wakakaa mbali. Siku ya kupanda, punje za ncha na za kitako zilikwenda kusagwa. Za katikati ndizo zilizoingia ardhini. Wimbi na kunde alizitia kibuyuni na jivu lililochekechwa. Jivu hujaza nafasi kati ya punje, mdudu akakosa pa kupita, tena humkwaruza ngozi hadi akauke.

Niambieni, hiyo si sayansi? Anayechagua kila mwaka mmea ulioshinda ukame katika udongo wake mwenyewe ni mtafiti. Nimechoka kusikia mikutano ya tabianchi ikimwita mama huyo "mnufaika".

Najua kuna kijana atauliza: mbona mbegu ya kienyeji haizai kama haibridi, ile chotara ya dukani? Mvua ikija kwa wakati na mbolea ikiwepo, haibridi itazaa zaidi, sikatai. Tunaijua tangu haibridi ya mahindi iitwayo H611 ilipotoka Kitale mwaka 1964. Lakini siku hizi unapanda mwezi wa tatu, wa nne jua linaunguza miche, na pesa ya pakiti nyingine huna. Punje za haibridi ukizirudisha shambani, mavuno yanashuka. Mwenye kibuyu anapanda tena kesho yake.

Na mama huyo akimgawia jirani? Sheria ya mbegu, ilivyorekebishwa 2012, ilitishia kifungo cha hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, kwa kuuza au kubadilishana mbegu isiyoidhinishwa. Ilhali Katiba ya 2010, ibara ya 11, inaliagiza Bunge lilinde mbegu za asili! Wakulima wakaenda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Basi gawaneni, mchana kweupe.

Nilitaka kufika kwa wazee wa ukoo wa Nganyi kule Bunyore, wanaosoma mvua kwa miti na ndege, na jinsi watabiri wa serikali walivyoketi nao. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Mama, njoo mbele na kibuyu chako. Tuambie mbegu hiyo inaitwaje, na nani alikupa.