Fundi, Geti na Samansi
Mhadhara kwa mafundi na wafanyabiashara wa Kariobangi, Nairobi

Asanteni kwa kuzima mashine zenu asubuhi hii. Najua kila dakika mnayonipa kuna mteja anayesubiri dirisha lake, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Juzi fundi mmoja alinipigia simu saa moja asubuhi. "Wakili, nimeshtakiwa. Nitafungwa miaka mingapi?" Nikamwambia anisomee karatasi aliyo nayo. Ilikuwa samansi ya kesi ya madai: shilingi 85,000 za mabati aliyochukua kwa mkopo akachelewa kulipa. Hakuna aliyetaka kumfunga. Muuzaji alitaka pesa zake. Ila kwa woga, ile karatasi ilikuwa imelala chini ya godoro wiki tano, na hizo wiki tano ndizo zilizomponza, wala si mabati.

Kilichomtisha ni neno. Kwa Kiswahili chetu cha hapa Nairobi, aliyeiba kuku ameshtakiwa, na aliyechelewesha kodi ya nyumba ameshtakiwa vilevile. Korti haichanganyi hayo. Katika jinai, kama ile ya kuku, Jamhuri ndiyo inayomshtaki mtu, na lazima ithibitishe kosa pasipo shaka ya maana. Katika madai, kama ile ya kodi, ni mimi na wewe, na hakimu anapima maelezo ya nani yana uzito zaidi. Ndiyo maana ukipeleka deni la kawaida kituo cha polisi, afisa mwaminifu atakwambia hiyo ni kesi ya madai, nenda kortini. Asiye mwaminifu atakwambia mengine, na hayo tuyaache.

Sasa tuchukue geti. Tuseme fundi amekubaliana na mwenye nyumba kule Umoja amtengenezee geti la shilingi 180,000. Amepewa 60,000, geti limesimama, zile 120,000 zilizobaki zimegeuka hadithi ya kesho na kesho kutwa. Fundi akienda kortini anaitwa mdai, mwenye nyumba anaitwa mdaiwa. Neno hilo la pili lisiwapotoshe: halisemi kwamba deni limekwisha kuthibitishwa. Ni jina la kiti alichokalia tu.

Kinachompa fundi haki ya kufungua kesi kinaitwa chanzo cha dai: palikuwa na makubaliano, yeye akatimiza, mwenzake akavunja. Siku ya kuvunjwa ndiyo saa inapoanza kuhesabu. Dai la mkataba lina miaka 6 ya kufungua kesi. Kuumizwa kwa uzembe wa mtu, kama ajali ya matatu, miaka 3. Ardhi, miaka 12. Kuchafuliwa jina, miezi 12 tu. Nilipokuwa wakili mchanga, mama mmoja aliniletea faili ya ajali; nikaona muda ninao, nikaiweka kwenye rafu. Nilipoifungua tena zilikuwa zimebaki siku mbili, na mojawapo ilikuwa Jumapili. Kesi iliwahi, lakini mpaka leo nikiona faili ya rangi ile tumbo linakaza.

Halafu kuna mamlaka ya mahakama, yaani uwezo wa korti hiyo kusikiza jambo lako. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyohusu meli iitwayo Lillian S, ilisema korti isiyo na mamlaka haiwezi kupiga hata hatua moja. Dai la kazi lina korti yake, la ardhi lina yake. Geti letu litakwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi pale Milimani mwaka 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Ndiyo, nawaeleza njia ya kunikwepa mimi.

Kabla ya kufungua, mwandikie barua ya madai: unadai nini, kwa sababu gani, umempa siku ngapi. Usitukane humo, maana barua hiyo hakimu ataisoma. Akinyamaza, unawasilisha hati ya madai. Kwa hakimu wa kawaida, yaani nje ya Mahakama ya Madai Madogo, inaambatana na afidaviti, yaani hati ya kiapo kwamba uliyoandika ni kweli, pamoja na orodha ya mashahidi, maelezo yao na nakala za ushahidi. Na hapa, mafundi, ndipo mnapoanguka. Makubaliano yenu mnayafanya kwa simu tu! Geti la 180,000 linaanza na "sawa, boss, Jumatatu." Andika hata kwenye daftari la hesabu, mteja atie sahihi. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Ukipeleka picha yake kwa hakimu wa kawaida, uandamane na cheti kinachoeleza umetolewa kwenye simu gani na kwa njia gani. Korti ya madai madogo haifungwi sana na kanuni za ushahidi.

Turudi chini ya godoro. Samansi ni mwito wa korti kwa mdaiwa: kuna dai juu yako, ujibu kabla ya siku fulani. Kwa hakimu wa kawaida, jibu la kwanza ni hati ya kufika. Kufika kunakosemwa hapo si kwa miguu, ni kwa karatasi. Kisha una siku 14 za kuwasilisha utetezi. Mwenye nyumba wetu anaweza hata kuja na dai kinzani, kwamba geti liliteremka likaponda boneti ya gari lake. Ukikaa kimya, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, na kwa deni la kiasi kinachojulikana inaandikwa bila shahidi hata mmoja kusikizwa. Ndiko alikofikia yule wa mabati. Tumeomba hukumu itenguliwe, na ombi lenyewe lina gharama yake.

Naona mkono pale nyuma. Mama anauliza: mdaiwa akikataa kushika samansi? Mama, asishike. Mpeleka samansi ataapa kwamba alimkuta akakataa. Asipoonekana kabisa baada ya kutafutwa vya kutosha, nakala inaweza kubandikwa mlangoni kwake. Na tangu 2020 kanuni zinaruhusu samansi itumwe kwa baruapepe au kwa WhatsApp, kwenye nambari anayojulikana kuitumia, na mpelekaji aambatanishe uthibitisho kwamba ilifika.

Kijana anauliza kama kuzima zile tiki za buluu kutamsaidia. Hapana. Hata za kijivu, zikiwa mbili, samansi imefika.