Nembo ya Chuma Inayong'aa: Tuitengeneze Pamoja kwa GIMP

Karibu sana mtazamaji. Leo tunachukua neno la kawaida na kuligeuza kuwa nembo inayong'aa kama chuma kilichosuguliwa, kisha tunaipaka dhahabu. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Majina ya menyu nitayataja kama yalivyoandikwa kwenye programu, ili usipotee njiani.

Kabla hujashika kipanya, chukua kijiko cha stenlesi ukitazame karibu na dirisha. Unaona pale palipo peupe kabisa? Pembeni yake tu pana weusi mzito, na kati yao kijivu ni kidogo mno. Chuma hakina mwanga wake chenyewe. Kinarudisha dirisha, ukuta, sakafu na uso wako. Ndiyo maana nembo nyingi za chuma kwenye mabango zinafanana na plastiki: mtu ameweka kijivu, akaongeza weupe kidogo kwa juu, akaishia hapo. Mng'ao unatokea pale mwanga na giza vinapokaa bega kwa bega, na kila tunachofanya leo kinalenga hapo.

Haya, bonyeza Ctrl na N, ufungue ukurasa wa pikseli 2000 kwa 1000. Halafu hatua ambayo wengi huiruka: nenda Image, kisha Precision, uchague 16-bit integer, ili kila rangi iwe na viwango vingi zaidi. Ukibaki kwenye biti 8, ule mteremko laini wa mwanga utakatika vipande vipande, utaona michirizi kama ngazi kwenye herufi, na huko mbele hutaweza kuiondoa. Jaza usuli, yaani sehemu ya nyuma, rangi yenye namba 2b2f36, bluu ya kijivu iliyokolea.

Bonyeza T, andika neno lako. Mimi naandika CHUMA, kwa herufi kubwa, ukubwa wa pikseli 400. Chagua fonti nene. Archivo Black inapatikana bure Google Fonts na inafaa sana. Fonti nyembamba usiihangaikie, maana herufi zake hazina uso wa kutosha kwa mwanga kutembea.

Sasa tunatengeneza ramani ya mwinuko. Bofya kitufe cha kulia juu ya leya (tabaka) ya maandishi, chagua Alpha to Selection, upate uteuzi wenye umbo la herufi. Fungua leya mpya, uijaze nyeusi nje ya herufi na nyeupe ndani ya herufi. Ipe jina "ramani". Ondoa uteuzi kwa Ctrl, Shift na A, kisha nenda Filters, Blur, Gaussian Blur, uweke 12. Usiruke hiyo hatua ya kuondoa uteuzi, la sivyo ukungu utafungiwa ndani ya herufi na kingo hazitapata mteremko. Programu itaisoma ramani hii hivi: peupe ni juu, peusi ni chini, na ule ukungu katikati ndio mteremko wa ukingo.

Fungua leya nyingine juu yake, ijaze kijivu 808080, iite "chuma". Ukiwa juu ya leya hiyo, nenda Filters, Map, Bump Map. Penye Aux Input chagua ile leya ya ramani. Azimuth iache 135, yaani mwanga unatoka juu kushoto. Elevation weka 35, Depth pandisha hadi 25, na uweke tiki kwenye Compensate for darkening. Herufi zimeinuka, unaziona? Ila bado ni kama simenti, hazina uhai. Hiyo ni sawa kabisa kwa sasa.

Hapa ndipo simenti inapogeuka chuma, kwa hiyo twende polepole. Fungua Colors, kisha Curves. Una mstari ulionyooka kutoka chini kushoto hadi juu kulia. Tunaupinda uwe mawimbi. Shika mstari kwenye robo ya kwanza uupandishe hadi kama robo tatu ya kimo. Shika katikati uushushe, chini kidogo ya nusu. Shika robo ya tatu uupandishe karibu na kilele. Tazama kingo za herufi unapovuta: mteremko mmoja sasa unapita kwenye mwanga, giza, kisha mwanga tena. Ni kile kile ulichokiona kwenye kijiko. Chezea nukta ya katikati taratibu, maana ndiyo inayoamua uso wa herufi uwe mzito au mwepesi. Ikiwa una toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, Curves inabaki hai: bofya alama ya Fx kando ya leya, uirekebishe hata kesho.

Uso wa herufi bado ni bapa, nao unahitaji kitu cha kuakisi. Tuupe mbingu na ardhi. Leya mpya, jina "mbingu". Bonyeza R, chagua nusu ya juu ya ukurasa. Bonyeza G kwa gradienti, yaani mteremko wa rangi, vuta kutoka juu ya herufi hadi kwenye mpaka wa chini wa uteuzi: anza na 5f6b7a, malizia na nyeupe. Sasa Ctrl na I kugeuza uteuzi, na huku chini vuta kutoka 1a1a1a hadi d0d0d0. Nyeupe na nyeusi zimekutana ghafla kwenye mstari mmoja, nao ndio upeo wa macho. Ondoa uteuzi, badili Mode, yaani jinsi leya inavyochanganyika na zilizo chini yake, iwe Overlay, na Opacity, yaani uzito wake, iwe 70. Ukiona mstari umekuwa mkali mno, weka ukungu wa pikseli 2, usizidishe.

Tuikate nembo sasa. Tengeneza kundi la leya kwa Layer, New Layer Group, uburute chuma na mbingu ndani yake, mbingu ikiwa juu. Rudia Alpha to Selection kwenye maandishi, bofya kundi, chagua Add Layer Mask, kisha Selection, ili kilicho nje ya herufi kifichwe. Ficha leya ya ramani.

Kwa dhahabu, ongeza leya ndani ya kundi, juu kabisa, ijaze ffd060, na Mode iwe Multiply. Kwa nini Multiply? Kwa sababu inageuza hata weupe ulio chini yake kuwa manjano. Dhahabu humeza mwanga wa bluu, hivyo hata sehemu zake ang'avu huwa na manjano, na vivuli vyake huelekea kahawia. Ukiacha weupe mtupu juu ya manjano, inaonekana shaba iliyopakwa rangi. Ukitaka fedha, zima leya hiyo.

Kivuli ni kazi ya dakika. Nakili leya ya maandishi, iweke chini ya kundi, kisha Filters, Light and Shadow, Drop Shadow: X 10, Y 14, kwa sababu mwanga wetu unatoka juu kushoto. Nyota za kumetameta nakusihi uziache. Zinaiba macho kutoka kwenye jina la mteja.

Hifadhi faili la XCF, lile la GIMP lenye leya zote, kwanza. Kisha ficha usuli, bonyeza Ctrl, Shift na E, utoe PNG yenye usuli wazi.

Na ukimkabidhi mteja, mpe pia nembo ile ile ikiwa bapa, ya rangi moja, iliyochorwa kwa programu ya Inkscape na kuhifadhiwa SVG, faili la mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora. Mhuri, darizi na tisheti haviwezi kubeba mng'ao huu. Akitaka dhahabu inayong'aa kweli kwenye kadi ya biashara, wino wa kawaida wa rangi nne za uchapaji (CMYK) hautampa. Mwambie mchapaji atumie karatasi ya foili au wino wa metali kama ule wa dhahabu wa Pantone 871, na faili atakalohitaji ni hilo bapa.